Nusu Pakiti ya Fisi

Mimi ni fundi wa friji na friza, na mtaani wananiita Baridi. Wanaonijua vizuri hulicheka jina hilo, maana kichwa changu ni cha moto, kinachemka kabla ya sufuria. Mke wangu husema jina nililopewa ni la kazi, si la tabia. Sawa. Leo nataka kusema jambo langu lote mpaka mwisho, na mtu asiniingilie katikati.

Nyumbani napika bia. Si ya kuuza. Ni ya kunywa na wenzangu wanne wenye ugonjwa huohuo, tunaokutana Jumapili moja kila mwezi, kila mtu na chupa zake, tukaonjeshana na kutukanana. Bia ninayoipenda ni ile ya hopsi nyingi, yale maua machungu yaliyokaushwa, ambayo ukiyatia kwa wakati wake huipa bia harufu ya maganda ya chungwa na majani mabichi. Unainusa unatabasamu kabla hujanywa. Basi watu hudhani siri yote iko kwenye maua. Maua gani! Maua yanapiga kelele tu. Anayeamua kama kelele hizo zitasikika ni hamira.

Hamira yenyewe ni kavu, punje ndogondogo kama mchanga, ndani ya pakiti unayoweza kuificha kiganjani. Pakiti moja inatosha lita ishirini. Nimezijaribu nyingi, na tatu nimezipa majina kama watu. Wa kwanza, wa pakiti ya bluu, ni Kimya: anakula sukari yake, anamaliza kazi, anatulia chini kabisa ndani ya ndoo ya kuchachushia na kuyaacha maua yaongee. Wa pili, wa pakiti ya kijani, ni Mama Mkwe: hapiti mahali bila kuacha neno, kila bia anainukisha ndizi mbivu hata kama hukumwomba. Wa tatu, wa pakiti ya kahawia, ni Fisi. Huyo ananuka karafuu na hajui kushiba. Wenzake wakimaliza sukari wanayoiweza wanalala, lakini yeye anaendelea na mabaki wasiyoweza kuyatafuna, polepole, wiki baada ya wiki. Zipo bia zinazomtaka, ukimwachia muda wake wote ndani ya ndoo. Ukimfungia chupani kabla hajamaliza, gesi inajaa humo ndani, na chupa ni kioo tu. Kwa bia ya hopsi nachagua Kimya, na Fisi haruhusiwi hata kupita karibu na ndoo ya Kimya. Hiyo ni sheria ya nyumba yangu na nimeitangaza mara elfu.

Sheria yangu nyingine ilikuwa juu ya wageni, nayo haikufuatwa. Mdogo wake mke wangu, wa kiume, alikuja kwetu na begi moja na mashine yake ya kunyolea. Ni kinyozi. Duka alilokuwa akinyolea lilifungwa, akasema atakaa wiki mbili ajipange. Siku ninayowasimulia, wiki mbili hizo zilikuwa zimefika mwezi wa nane. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilimpa mwiko wa kukorogea bia, na bado hakuondoka. Nikambandika jina, Wiki Mbili. Mke wangu alilichukia jina hilo. Mwenyewe alilicheka, akaanza kuliitikia.

Na hapo ndipo kero ilipo: alikuwa mtu mzuri. Mtu mbaya unamfukuza, mambo yamekwisha. Huyu alifagia uwanja, alichota maji kabla sijaamka, alininyoa bure, na aliponiita shemeji aliniita kwa moyo. Lakini nyumba yetu ni chumba, sebule na jiko dogo, na yeye alilala sebuleni. Asubuhi nilikuwa natoka chumbani kwangu kwa kunyata kama mwizi. Nilikuwa siwezi kugombana na mke wangu kwa sauti ninayoitaka. Tulinong'ona ugomvi, jamani! Mmewahi kununa kwa kunong'ona? Nilijiona nimefungwa ndani ya nyumba ninayoilipia mwenyewe, na anayenifunga ananiletea maji ya kunawa. Nilipomlalamikia mke wangu, alinijibu neno moja tu: "Ni mdogo wangu. Nikimtoa aende wapi?" Basi nikawa nangoja sababu. Nasema kweli, nilikuwa nangoja akosee.

Wiki ile alikuwa amepata kiti kwenye saluni moja mtaa wa pili, aanze Jumatatu. Alifurahi mpaka akawa ananyoa hewa kwa vidole pale sebuleni, akiuliza wateja wasiokuwepo kama wanataka kipara au panki.

"Nikishatulia nahama, shemeji," akaniambia.

"Nimesikia," nikamjibu. Nilikuwa nimelisikia mara ngapi neno hilo?

Jumamosi umeme ulikatika alfajiri, ukarudi saa nane mchana. Ulivyorudi tu, mimi na yeye tulichomeka simu zetu sebuleni, tukaenda stoo kuonja bia. Stoo iko nyuma ya nyumba, chumba cha matofali chenye paa la bati, hakina dirisha, kina matundu manne tu ya hewa kule juu. Mlango wake ni wa chuma na unafungukia ndani. Niliuweka hivyo mwenyewe kwa sababu nje kuna tangi la maji. Ni mlango wa kukwama, na mke wangu ana namna yake ya kuufungua: anaupiga nyonga moja ya nguvu, puu, unafunguka. Yeye ni fundi cherehani, na Jumamosi anafunga kazi saa kumi.

Humo ndani mna friza langu la kulala, lile la kifuniko cha juu, mna rafu ya vifaa, na kando ya mlango siku hiyo kulikuwa na kreti nne zimepandishwa moja juu ya nyingine, kila kreti chupa ishirini. Bia ile ilikuwa na wiki tatu chupani. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya wenzangu, na nilikuwa nimewatambia sana. Joto la mle ndani lilikuwa la kumpika mtu. Bati lilikuwa linalia ta, ta, ta.

Nilitoa chupa mbili kwenye kreti ya juu. Moja nikaiweka juu ya rafu, nyingine nikaifungua. Haikulia pss kama bia ya heshima. Kizibo kiliruka chenyewe, povu likapiga bati, likanirudia usoni.

Wiki Mbili alicheka mpaka akashika magoti. "Shemeji, umeoga na nguo!"

Nilikuwa natafuta tusi la kumfaa, na ile chupa ya kwenye rafu ikapasuka yenyewe. Haikuguswa na mtu. Mlipuko ule ulinitia ukiziwi. Niliruka nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka, mgongo wangu ukazipiga kreti, nazo zikateleza kwenye sakafu iliyolowa povu. Hazikuanguka. Afadhali zingeanguka. Zilikwenda zikaegemea mlango, zimepinda kama mlevi anayetafuta ukuta, na kreti ya chini ikakwama kwenye mguu wa friza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na chupa sabini na nane zilizotikiswa.

Kipande cha kioo kilikuwa kimechoma boksi la skrubu kikasimama wima, karibu sana na pale kichwa changu kilipokuwa.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Wiki Mbili akasema taratibu.

"Nyamaza!"

Nililamba midomo. Povu lilikuwa kavu, halina utamu hata wa kudanganyia, na juu ya harufu ya maua kulikuwa na kitu kama karafuu. Nikamjua palepale. Fisi. Alikuwa ndani ya chupa zote, wiki tatu nzima, anakula.

Hapa lazima nieleze siku tuliyoipika. Lita arobaini zinataka pakiti mbili. Nilikuwa na pakiti moja nzima ya Kimya na nyingine iliyofunguliwa, iliyobaki nusu, zote ndani ya friji ya jikoni. Nusu ile na nzima zilitosha kwa kubana. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya moto, kwa hiyo nilimtuma yeye azilete na azimimine. Kwa mikono yake. Basi nilimgeukia.

"Umeweka Fisi!"

"Mimi? Shemeji, nilichukua za bluu. Zote mbili za bluu."

"Za bluu ndizo zinazofanya hivi? Macho yako yalikuwa wapi?"

"Nakumbuka zilikuwa bluu."

"Unakumbuka! Nimekwambia mara ngapi habari ya Fisi? Nimekuimbia! Mtu ukimkabidhi fisi bucha unalia na nani? Unalia na nafsi yako, ndiyo haya sasa!"

Akajikuna kichwa. Uso wake ulibadilika, kile kicheko kikaondoka chote. "Siku ile pia umeme ulikuwa umekatika," akasema. "Jikoni kulikuwa na giza. Labda niliona bluu kumbe kahawia. Sijui. Wewe ndiye unayezijua, shemeji. Kama unasema ni Fisi, basi ni mimi. Nisamehe."

Nisiwafiche, nilisikia utamu. Miezi minane nilikuwa nangoja kosa, na sasa nilikuwa nalo, kosa kubwa, la hatari, lenye ushahidi mpaka kwenye bati. Nilianza kuyapanga maneno ya kumwambia mke wangu. Umeona? Si nilikwambia? Nikafika kwenye maneno yenyewe, kwamba mtu asiyejua bluu na kahawia asishike vitu vya watu, na hapo nikaiona ile pakiti ya kahawia mbele ya macho yangu.

Ilikuwa imechanika. Mimi ndiye niliyeichana, mwezi mmoja kabla ya kupika bia hii, mikono ikiwa imelowa. Fisi aliyebaki alikuwa anamwagika kwenye meza, na pembeni kulikuwa na pakiti ya bluu niliyotoka kuimaliza. Nilimkusanya Fisi kwa karatasi nikamtia humo ndani ya pakiti ya Kimya, nikaikunja, nikaibana kibanio cha nguo, nikaiweka friji. Nikajiambia nitaandika baadaye. Sikuandika. Mtu anayetangaza sheria mara elfu! Kijana wa watu alifungua friji, akaona bluu, akaleta bluu.

Nilihisi moto umenipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na haukuwa wa hasira. Ilikuwa aibu. Nilifungua mdomo niseme. Yeye akanitangulia.

"Shemeji, saa ngapi sasa?"

Redio ya jirani ilikuwa imetoka kutangaza saa tisa na nusu. Tulitazamana. Saa kumi mke wangu angefunga kazi, angefika nyumbani, angetukosa ndani, angekuja stoo moja kwa moja. Angeupiga mlango nyonga. Kreti zile zingeanguka zote kwa mpigo mmoja, na mlango ungekuwa umeachia nafasi ya kutosha uso wa mtu.

Tukapiga kelele. Tukaita mpaka koo zikakauka. Lakini jirani yetu wa ukutani ni seremala, na palepale aliwasha msumeno wake kufidia asubuhi nzima aliyoipoteza. Hata sisi wenyewe tulikuwa tunasikilizana kwa shida. Mke wangu hata angefika mlangoni, asingesikia tukimwambia asiusukume.

"Tuzitie kwenye friza," nikasema. "Baridi itazituliza, na kifuniko ni kizito. Zikipasuka, zipasukie humo."

Ulikuwa mpango mzuri, hata leo nausifu. Tatizo lilikuwa nafasi. Kati ya friza na mlango, pale kreti zilipokwama, palikuwa na upenyo wa mtu mmoja, na si mtu mwenye tumbo kama langu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tumbo lenyewe ningeweza kulivuta ndani. Nimeingia nyuma ya mafriji yaliyobanwa kuliko pale, nikalala kifudifudi, kwa ajili ya watu nisiowajua.

"Nitazitoa mimi," akasema Wiki Mbili. "Kosa ni langu. Wewe shika kifuniko."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Nilikuwa nimekwisha kumbuka. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Neno lilikuwa liko hapa, kooni. Ningesema, "Hapana, ni mimi, rudi nyuma," basi. Maneno matano. Lakini ningelisema, ningekuwa nimelipoteza lile kosa nililolingoja miezi minane, na mimi ndiye ningeingia kwenye upenyo ule na uso wangu. Nikajitia hamnazo.

"Haya," nikasema.

Nilimpa miwani yangu ya kuchomelea, moja tu iliyokuwapo. Glavu zilikuwa kwenye boksi la kazi, nje. Nilimvika koti langu la zamani. Alijifunga matambara mikononi, akajaribu kushika kreti, ikateleza, akayavua. Mimi nikasimama nyuma ya friza, nikafungua kifuniko kikasimama wima mbele yangu, kutoka kiunoni mpaka utosini. Kifuniko cha friza ni kinene, mnajua. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyejua unene wake.

Akashika kreti ya juu kwa taratibu, anaongea nayo kama anambembeleza mtoto wa mteja anayeogopa mashine. "Tulia, tulia, hivyohivyo." Akaiinua. Chupa zikagongana, kling. Akageuka nayo, akaishusha ndani ya friza.

"Moja hiyo," nikasema. "Bado tatu."

Nitamwambia sasa, nikajisemea. Halafu nikajisemea, nikimwambia sasa atashtuka, na kushtuka hapa ni hatari. Mtazameni mtu mzima anavyojidanganya! Nilimpangia huruma ili nipate kunyamaza.

Ya pili ilikuwa imelala upande zaidi. Ilimbidi aikumbatie kifuani. Jasho lilimtiririka chini ya miwani. "Jumatatu," akasema huku anahema, "mteja wa kwanza nitamsimulia hii, nitaona kama atakaa kitini." Alicheka peke yake. Akaishusha.

"Mbili. Bado mbili. Unakwenda vizuri, shemeji."

Miezi minane nilikuwa simwiti shemeji. Nilimwita Wiki Mbili, au nilimwita wewe. Siku ile nilimwita shemeji, na alinitazama kwa miwani ile nyeusi akatabasamu, mkono wa kulia umeshika ukingo wa friza. Nilitamani ardhi inimeze. Nilisafisha koo.

"Sikiliza," nikasema.

"Ngoja kwanza, hii ya tatu isije ikashuka yenyewe."

Aliishika. Aliiinua vizuri, bila kugonga kitu, akageuka vizuri, akaanza kuishusha. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mshikio, kidole gumba kwa ndani, pale ambapo kila mtu hushika kreti. Chupa ya pembeni ikapasuka, ikaipasua na ya jirani yake.

Mimi kifuniko kilinikinga. Kilisukumwa kikanigonga paji la uso, basi, sikupata mkwaruzo. Nilipochungulia, kreti ilikuwa imeingia ndani na yeye amekaa chini sakafuni, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na damu ilikuwa inachanganyika na povu. Nilifunga friza, nikavua shati, nikapiga magoti nikamfunga. Kioo kilikuwa kimepita kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, kikaingia ndani sana.

"Kikunje," nikamwambia. "Kidole gumba, kikunje."

Alikitazama. "Nakikunja," akasema.

Hakikusogea.

Kinyozi anaishikaje mashine bila kidole gumba? Nilijua, na yeye alijua. Nilimshikilia mkono juu ili damu ipungue.

Msumeno wa seremala ukazimika ghafla. Tukasikia kandambili uwanjani.

"Mko wapi nyie? Nimepiga simu weee, kumbe simu zenyewe zinaitana sebuleni!"

"Usiusukume mlango!" Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga. "Usiuguse! Rudi nyuma!"

Kandambili zikasimama. "Kuna nini? Mbona unanitisha?"

"Chupa zinapasuka. Kreti imeegemea mlango. Rudi nyuma kwanza."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Niko huku, dada," akasema yeye. "Usiogope. Ni mimi. Nilikosea hamira siku ile ya kupika, nikaweka ile mbaya. Ndiyo imejaza gesi. Shemeji hana kosa."

"Umeumia?"

"Mkono kidogo. Nimefungwa."

Kisha sauti ya mke wangu ikaja, na sauti hiyo ilikuwa ya mtu aliyeogopa sana mpaka hofu ikageuka hasira. "Ungemuua mume wangu! Unasikia? Ungemuua, na wewe ungejiua! Miezi minane nakutetea. Kila siku nabishana na mtu ndani ya nyumba yangu kwa ajili yako, namwambia ni mtu makini, ni mtu makini. Umakini ndio huu? Nimechoka. Nasema nimechoka! Ukishatibiwa mkono huo utafute pa kwenda, mimi siwezi tena."

Alikuwa analia. Mdogo wake alikuwa ameegemeza kichwa kwenye friza, amefumba macho.

"Sawa, dada," akasema.

Basi. Nilipewa. Kila nilichokitaka kwa miezi minane nilikuwa nimewekewa mkononi, na aliyeniwekea ni mke wangu kwa kinywa chake mwenyewe, sikumwomba. Ilikuwa ninyamaze tu. Pakiti ya bluu ilikuwa imekwenda na taka siku nyingi. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Na nawaambia, joto lile la stoo, na mlango ule, na kreti ile, havikunibana kama vilivyonibana pumzi zile chache nilizonyamaza. Nilijiona nimefungiwa na mtu mmoja ambaye nisingeweza kumtoka maisha yangu yote, na mtu huyo ni mimi.

"Si yeye," nikasema.

"Nini?"

"Nimesema si yeye." Nikapaza sauti, ikakatika katikati. "Aliyemtia Fisi kwenye pakiti ya bluu ni mimi. Ya kahawia ilichanika, nikamhamishia humo, sikuandika. Yeye alileta bluu kama nilivyomtuma. Hakukosea kitu."

Ndani, shemeji yangu alifumbua macho. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa tayari kwa tusi, nililitaka kabisa tusi, la nguoni.

"Ulikuwa hujui," akasema polepole, kama anayenisaidia. "Umekumbuka sasa hivi."

Hata hapo alikuwa ananifungulia njia. Ingekuwa uongo mdogo tu, na angeuamini.

"Hapana," nikasema. "Nilikumbuka kabla hujaigusa kreti ya kwanza."

Miwani yangu ilikuwa imening'inia shingoni mwake. Alitazama kile kifuniko cha friza, akanitazama mimi kifua wazi, sina hata mkwaruzo.

"Na ulikuwa unanihesabia," akasema.

Nilisimama, nikalivuta tumbo langu ndani, nikaingia kwenye ule upenyo. Nilitosha. Nikaikumbatia kreti ya nne kifuani, uso juu ya vizibo, bila miwani, na Mungu ananisikia, nilitamani moja inipasukie. Zote zilitulia. Niliitia kwenye friza nikafunga, nikauvuta mlango.

Mke wangu aliingia. Hakunitazama. Alimshika mdogo wake kwapani akamwinua, wakatoka wakiegemeana, na nilimsikia mke wangu akimwomba mdogo wake msamaha njia nzima mpaka getini. Hakuna aliyeniambia nije.